Kutolewa, Kutoka na Kujitokeza: Kijana Mwimbaji katika Historia ya Nathari ya Kiswahili, kwa Kuangalia Nachingwea na Ruangwa

1.0 Utangulizi



Nimepewa heshima ya kuzungumzia fasihi ya vijana, nami nimechagua kuiendea kwa njia ninayoifahamu zaidi, yaani njia ya vitenzi. Mwanaisimu akiingia katika uwanja wa fasihi aghalabu hutazamwa kama mgeni aliyekosea mlango. Naomba mnivumilie, kwa kuwa naamini kwamba katika jambo hili sarufi inaona kitu ambacho uhakiki wetu umekipita bila kukisemesha.

Tangu mwaka 2020 vijana wa nchi nyingi, wakiwamo wanafunzi wetu wanaosoma Kiingereza kwenye simu zao, wamekuwa wakisoma riwaya zinazohusu vijana wenzao wa Korea Kusini wanaoandaliwa kuwa waimbaji mashuhuri. Ni riwaya za kukosa usingizi, kupimwa uzito, kukatazwa mapenzi, mikataba mirefu na macho ya umma yasiyofumba. Mtu anaweza kudhani kwamba hadithi hizo ziko mbali sana na wilaya za Nachingwea na Ruangwa katika mkoa wa Lindi. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kuwa kisa hicho tunacho nyumbani: kijana anatengwa, anafundishwa, anapewa jina jipya, kisha anatolewa mbele ya watu. Tunacho katika mila zetu na katika historia ya muziki wetu. Kinachopungua ni nathari ambamo kijana huyo anasimulia mwenyewe.

Hoja yangu ya msingi ni hii. Kiswahili kimemzungumzia kijana anayetokea hadharani kwa maumbo matatu yenye mzizi mmoja: *kutolewa*, *kutoka* na *kujitokeza*. Kila umbo lina zama zake, na kila umbo linajibu kwa namna yake swali kwamba ni nani anayewajibika kwa yale yanayompata kijana. Nitayafuata maumbo hayo moja baada ya jingine.

2.0 Mwali Hutolewa

Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya Wamwera, pamoja na majirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao. Kimwera kilipata sarufi yake iliyochapishwa mwaka 1950, kazi ya Lyndon Harries, mmisionari aliyefanya kazi katika eneo la Masasi na ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa maandishi yake juu ya ushairi wa Kiswahili. Hata hivyo, lugha ninayoijadili hapa ni Kiswahili kama kinavyosemwa na wenyeji wa kusini wanapoeleza jando na unyago.

Mavuno yakishaingia ndani, msimu wa ngoma huanza. Sikilizeni vitenzi vinavyotumika. Mwali *huwekwa* ndani. *Hufundwa*. *Huchezwa*: watu wa kusini husema kwamba binti fulani *amechezwa* unyago, ijapokuwa katika siku ya mwisho yeye mwenyewe ndiye anayecheza mbele ya umati. Hatimaye *hutolewa*. Hivi ni vitenzi vinne, na vyote viko katika kauli ya kutendwa.

Mwanafunzi makini atanipinga kwamba kauli ya kutendwa pia inaweza kumficha mtenda, kwani hakuna aliyetajwa katika sentensi *mwali ametolewa*. Pingamizi hilo ni halali, lakini linahitaji kupimwa. Mtenda hakutajwa, lakini nafasi yake imeachwa wazi na yeyote anaweza kuijaza: *mwali ametolewa na kungwi wake*, au *wametolewa na nyakanga fulani*. Sentensi inakubali swali *na nani?* na kijiji kinalijua jibu. Kungwi ana jina, ana nyumba, na binti akitoka bila adabu lawama humrudia mwalimu wake. Ndiyo maana nasema kwamba katika umbo la *kutolewa* kijana ana mtu wa kumjibia.

Nisieleweke kwamba naitukuza mila. Kujulikana kwa mtenda hakumfanyi kuwa mwema. Kumbi na nyumba za wari zimekuwa mahali pa maarifa, nyimbo na urafiki wa maisha yote, lakini pia zimekuwa mahali pa hofu na maumivu, na kuna mabinti waliotolewa wakiwa bado watoto na hawakurudi shuleni. Kinachonivutia ni kwamba mambo haya yamewezekana kuhojiwa kwa sababu wenye kuyatenda wanajulikana. Mwaka 1913 Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alianzisha jando ya Kikristo. Hakuweza kuianzisha bila kuzungumza na wazee wenye mamlaka juu ya kumbi. Katika miaka yetu viongozi wa mikoa ya kusini wamesisitiza kuwa ngoma hizi zifanyike wakati wa likizo za shule, na maagizo hayo yana pa kupelekwa. Yapo masikio yanayoyapokea, yawe yanayatii au yanayakaidi.

3.0 Mji wa Mishahara na Mwanamuziki Mwajiriwa

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliuanzisha mradi mkubwa wa karanga nchini Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu makuu pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara ilijengwa, na reli ikavutwa kutoka huko hadi Nachingwea. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa, lakini mji wa mishahara ulikuwa umeota. Watu wa lugha nyingi walikuja kutafuta kazi, na Kiswahili kikawa lugha ya foleni ya malipo, ya soko na ya starehe za jioni.

Muda huohuo redio ilianza. Kituo cha utangazaji cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza mtu wa kijiji cha Ruangwa aliweza kumjua mwimbaji ambaye hakuwahi kumwona wala kujua ukoo wake. Sauti ilitenganishwa na mtu. Hapo ndipo umaarufu wa kisasa ulipoanzia kwetu.

Hata hivyo, kwa miongo mitatu baada ya uhuru, mwanamuziki wa Tanzania Bara aliendelea kuwa na mtu wa kumjibia. Bendi nyingi ziliendeshwa na mashirika ya umma, jumuiya na idara za serikali. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, na majeshi nayo yalikuwa na bendi zake. Mwanamuziki alikuwa *mwajiriwa*, nomino iliyojengwa juu ya kauli ya kutendwa. Mshahara wake ulikuwa mdogo, hakimiliki yake haikulindwa, na wengi walizeeka bila akiba. Lakini akionewa alijua ni ofisi gani ya kugonga mlango.

Karibu na mji wa Nachingwea, katika miaka hiyohiyo, kulikuwa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, ambapo vijana wa Msumbiji waliandaliwa kwa vita vya ukombozi tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi Samora Machel alipovuka kwenda nchini kwake mwezi Mei 1975. Vijana wale nao waliimba, lakini kwa pamoja. Wimbo wa kambi ulikuwa mali ya kikosi, na wakazi wa mji walizijua nyimbo nyingi kuliko majina ya waimbaji. Naitaja kambi hiyo kwa sababu inatuonyesha kuwa mwimbaji mmoja kusimama peke yake kwenye mwanga ni mpangilio mmojawapo tu wa muziki, na si maumbile yake.

4.0 "Ametoka"

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Radio One ilianza mwaka 1994, vituo vingine binafsi vikafuata, na muziki wa kizazi kipya ukapata mahali pa kusikika. Sheria ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999 na COSOTA ikaanza kazi miaka michache baadaye. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji, na safari ya Lindi hadi Dar es Salaam, ambayo wakati wa masika ilikuwa kama kucheza bahati nasibu, ikawa safari ya basi.

Pamoja na muziki huo kulikuja msamiati wake. Msanii aliyefanikiwa *ametoka*, au *ametusua*, au *ametoboa*. Akiwa juu *anatesa*. Akishuka *amechuja*, kama kanga iliyopoteza rangi, au *amefulia*. Kwa kijana wa Nachingwea au Ruangwa neno *kutoka* lilikuwa na maana mbili zilizopatana: ili utoke, ilikupasa kwanza utoke, yaani ukwee basi uende Dar es Salaam zilipo studio na redio.

Tulitazame neno hili kisarufi. *Toa* na *toka* ni jozi kama *ng'oa* na *ng'oka*, au *fungua* na *funguka*. Cha kwanza kinahitaji mtenda na mtendwa, na cha pili kinaeleza tukio kana kwamba limejiendea lenyewe. Mwali aliyetolewa ametolewa *na kungwi*. Jaribuni sasa kumweka mtenda katika sentensi ya msanii: *ametoka na meneja wake*. Maana imegeuka papo hapo. Ama wameondoka pamoja kwenda mahali, ama, kwa lugha ya vijana, ni wapenzi. Sarufi haina kiti cha kumkalisha meneja, mwenye studio, mtangazaji wala mwenye lebo. Yaliyotendeka yamebaki kuwa ya kijana peke yake. Na kwa kuwa alitoka mwenyewe, akichuja atakuwa amechuja mwenyewe. *Kuchuja* na *kufulia*, kwa maana hizi, navyo havina mtenda.

Ni kweli kwamba wasanii husema pia *fulani ndiye aliyenitoa*. Lakini angalieni mahali pa matumizi. Husemwa katika kushukuru, au katika ugomvi pale mwenye kutoa anapodai fadhila zake. Katika habari ya kawaida, na katika ndoto ya kijana anayeota kuwa staa, kitenzi ni *kutoka*.

Yapo maneno mawili mengine yanayounga mkono hoja hii. La kwanza ni *usanii*. Neno lilelile linalotaja kazi ya sanaa lilipata mitaani maana ya ulaghai; mtu asiyetimiza ahadi *anafanya usanii*. Jamii iliwapenda wasanii na papo hapo ikawashuku. La pili ni msemo *kuibiwa nyota*. Msanii aliyeporomoka ghafla husemwa kwamba nyota yake imeibiwa, na wapo waganga wanaojitangaza kuwa wanasafisha nyota. Wasomi huudharau msemo huu. Mimi nauona kuwa ushahidi muhimu: wazungumzaji wenyewe wamehisi kwamba mtenda amepotea katika sentensi, wakairudisha kauli ya kutendwa ili wampate. Kwa bahati mbaya wanamtafuta kwa mchawi, wakati mara nyingi angepatikana katika karatasi ya mkataba.

Nchi yetu imewahi kuwa na vitu vinavyokaribia mfumo wa Korea. Mwaka 2004 shindano la Coca-Cola Popstars la Afrika Mashariki lilichagua vijana kwa majaribio ya hadharani na kuwaunga kuwa vikundi. Kundi la Tanzania liliitwa Wakilisha, likiwa na Langa, Shaa na Witness. Katika muongo huohuo Ruge Mutahaba aliongoza Nyumba ya Vipaji Tanzania, THT, iliyowalea kimuziki vijana wengi waliokuja kujulikana. Baadaye zikaja lebo zinazomilikiwa na wasanii wenyewe. Harmonize, mtoto wa mkoa jirani wa Mtwara, alitoka chini ya WCB mwaka 2015 na kuondoka mwaka 2019, na suala la gharama ya kuvunja mkataba likajadiliwa waziwazi katika vyombo vya habari. Ukumbi huo wa magazeti na redio ulikuwa mahali pa kwanza ambapo vijana wengi wa vijijini walisikia kwamba nyuma ya *kutoka* kuna mkataba.

5.0 Ameharibika au Ameharibiwa?

Nathari yetu ilikuwa wapi wakati haya yakitendeka? Mwanzo wake ulikuwa mzuri. *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert, uliotoka kwanza mwaka 1958, ni kitabu kizima kuhusu mwimbaji. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watu waliokuwa watumwa, akiitwa Mtumwa. Alikuwa mfinyanzi na muuza vyungu kabla ya sauti yake kumfikisha mjini, na mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Tunaona tena alama za mwali: kuondoka nyumbani, kufundishwa, kupata jina jipya. Tunaona pia shinikizo. Alitungiwa wimbo wa kumdhihaki kwa asili na sura yake, naye alijibu kwa wimbo uliopima utu kwa kipimo kisichokuwa sura. Lakini Shaaban Robert aliandika wasifu, na wasifu kwake ulikuwa kioo cha maadili. Tunamwona Siti kama mfano wa kuigwa. Usiku wake wa hofu kabla ya kupanda meli hatuusomi.

Riwaya zilizofuata zilimchukua kijana, hasa msichana, kama swali la kijamii. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, mwaka 1971, ilionyesha jinsi ukali wa baba ulivyomwandaa binti kwa maangamizi, na kwa ujasiri huo iliondolewa shuleni kwa muda. *Wakati Ukuta* ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa katika mkoa huuhuu wa Lindi, iliweka jukwaani mgogoro wa vizazi katika nyumba moja. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, mwaka 1980, ilimfungia Maimuna ndani ya nyumba ya Maksuudi hadi akatoroka. Waandishi hawa watatu walielewa tofauti kati ya *ameharibika* na *ameharibiwa*. Wasomaji wengi wa kawaida, na nathubutu kusema walimu wengi, waliendelea kusoma *ameharibika*. Katika majibu ya mitihani Rosa ni funzo kwa wasichana wasiotulia, na baba yake Zakaria anatajwa kwa sentensi moja.

Baada ya hapo orodha za shule zikaleta vitabu kama *Kilio Chetu* na *Watoto wa Mama Ntilie*, ambavyo vimesomwa Nachingwea na Ruangwa kama kwingineko. Ni vitabu vyenye huruma, na vimewahi kuokoa maisha kwa kusema juu ya ukimwi na ufukara bila kuficha. Lakini kijana ndani yake ni mtu anayehurumiwa au kuonywa. Nje ya shule, magazeti ya udaku ya miaka ya 2000 ndiyo yaliyosimulia maisha ya mastaa wiki baada ya wiki, kwa utamu na kwa ukatili, na kitenzi chao kilikuwa *kufumaniwa*, *kuumbuka*, *kuchuja*. Hivyo kijana mwimbaji aligawanywa: methali ilimchukua ili imwonye kwamba ngoma ikilia sana hupasuka, na udaku ukamchukua umpasue.

Lugha nayo ilichangia. Tuzo ya Burt, iliyoendeshwa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto na ambayo ilihuisha sana uandishi kwa vijana, ilitolewa kwa hadithi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Sababu yake ilieleweka, kwani sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza. Tokeo lake ni kwamba kijana wa Tanzania alihamasishwa kusimuliwa maisha yake ya ndani kwa lugha ambayo haoti ndoto kwayo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, inaandikiwa kwa Kiswahili, nayo imefungua mlango mwingine.

6.0 Mkataba Unapotajwa

Turudi Korea Kusini kwa muda mfupi, kwa sababu ya jambo moja tu. Mwaka 2009 watatu kati ya vijana watano wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani kupinga mkataba wao na kampuni ya SM, mkataba uliowafunga kwa miaka 13. Mwaka huohuo tume ya ushindani wa haki ya nchi hiyo iliweka mkataba wa mfano uliopunguza muda hadi miaka saba. Haya hayakumaliza maumivu. Vifo vya Jonghyun mwaka 2017 na vya Sulli na Goo Hara mwaka 2019 viliitikisa nchi nzima. Lakini mtenda alikuwa amekwisha tajwa kwa jina, na mjadala ukawa na anwani.

Katika hali hiyo ndipo riwaya zilipokuja. Mwaka 2020 Jessica Jung, aliyeanza kufunzwa akiwa mtoto, akatokea na Girls' Generation mwaka 2007 na kuachana na kundi mwaka 2014, alichapisha *Shine*, riwaya kwa vijana. Mwaka huohuo Stephan Lee alichapisha *K-pop Confidential*. Sitaki kuzikweza kuliko zinavyostahili; ni vitabu vya burudani, vina mapenzi na mavazi tele. Lakini zinafanya kazi moja ambayo haki inaihitaji: zinamweka msomaji ndani ya kichwa cha binti anayepimwa uzito, na zinataja nani ameshika mizani.

7.0 Kujitokeza

Nimebakiza umbo la tatu. Kutokana na *toka* tunapata *tokea*, kutokana na hilo *tokeza*, na tukiongeza kiambishi cha kujirejea tunapata *jitokeza*. Katika kitenzi hiki mtenda amerudi, na mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Mtu anayejitokeza hakusubiri atolewe, wala hatuambiwi kwamba ametoka tu kama jua. Amejileta mbele kwa uamuzi wake, na mara nyingi ana jambo la kusema. Shahidi hujitokeza. Mwenye haki iliyodhulumiwa hujitokeza.

Langa wa Wakilisha alijitokeza. Baada ya umaarufu wa mapema alisimulia hadharani, kwa kinywa chake, jinsi alivyonaswa na dawa za kulevya, akawaonya vijana wenzake. Alifariki tarehe 13 Juni 2013, wiki chache tu baada ya kifo cha Albert Mangweha. Ray C naye alijitokeza akiwa hai, akasema kuhusu uraibu na tiba. Simulizi hizi zilipita redioni na katika televisheni, zikasikika, zikapoa. Katika nathari ya Kiswahili zilistahili kupata makazi ya kudumu, mahali ambapo msomaji wa miaka kumi na sita angeweza kurudi usiku, peke yake, bila mtangazaji kumkatiza.

Mtu atauliza: je, tunahitaji kweli riwaya za mastaa huko Ruangwa, mahali ambapo watu wanahangaikia bei ya korosho na ufuta? Nitamjibu kwamba shinikizo la kuonekana limekwisha kufika huko. Tangu Namungo FC ipande Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/2020, kijana wa Ruangwa ameona watu wakipigiwa makofi na kuzomewa kwenye uwanja ule ule katika wiki mbili. Simu mkononi mwake inaweza kumfanya ajulikane kwa wimbo wa dakika moja, na kumdhalilisha kwa muda huohuo. Binti aliyechezwa mwezi Juni anarekodi video mwezi Julai. Kungwi wake alimfundisha jinsi ya kukaa mbele ya watu anaowajua. Hakuna aliyemfundisha jinsi ya kukaa mbele ya watu asiowajua.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, hasa kwa wanafunzi wa idara za Kiswahili. Kwanza, kusanyeni masimulizi ya vijana waimbaji, kwa ridhaa yao na kwa kuheshimu siri za nyago ambazo si zetu kuzitoa. Msikusanye nyimbo tu mkawaacha waimbaji. Pili, wahakiki na walimu wafundishe *Rosa Mistika* na *Utengano* kwa kuuliza *na nani?* katika kila kitenzi cha maangamizi. Mwanafunzi akiandika *aliharibika*, mrudishieni karatasi atafute mtenda. Tatu, mwenye kipaji aandike riwaya ya kijana aliyepanda basi Nachingwea kwenda studio. Aandike kuhusu nauli aliyokopa, mkataba aliotia saini bila kuusoma, mama anayeulizwa sokoni mwanawe amefikia wapi, na kimya cha simu mwaka wa tatu. Asiandike onyo. Vijana wameshaonywa vya kutosha.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya kijana mwimbaji kwetu imeandikwa kwanza katika unyambulishaji wa kitenzi kimoja. Kumbi za kusini zilimtoa, na mtoaji alijulikana. Bendi za mashirika zilimwajiri, na mwajiri alijulikana. Soko huria lilimwambia atoke, na tangu siku hiyo mafanikio na maangamizi yakahesabiwa kuwa yake peke yake. Wakorea walipata riwaya za vijana baada ya kumrudisha mtenda katika sentensi, kwanza mahakamani, kisha vitabuni.

Sidai kwamba kubadili kitenzi kunabadili dunia. Mkataba mbaya haurekebishwi na mwanasarufi. Lakini miaka yangu ya kufundisha imenionyesha vijana wengi walioanguka na kuamini kwa dhati kwamba wamejiangusha, kwa sababu lugha waliyopewa ya kujielezea haikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Wengine walikuwa waimbaji, wengine walikuwa wanafunzi bora wa vijiji vyao, waliotumwa chuoni na macho ya kijiji kizima. Kazi yetu sisi tunaoihudumia lugha hii ni kuhakikisha kwamba kijana anapotaka kusimulia yaliyompata anayakuta maneno yako tayari, pamoja na mifano ya namna ya kuyapanga. Vitenzi vipo. Nathari ndiyo tunayoidaiwa.